Bawabu wa Git

Kila unapoandika neno git kwenye terminali, ukaongeza status au commit na kubonyeza Enter, wa kwanza kukupokea ni bawabu. Ni programu ndogo inayokaa mlangoni mwa nyumba kubwa. Inasikiliza neno lako la pili, inaangalia nani ndani ya nyumba anahusika nalo, inamkabidhi mzigo wako, kisha inanyamaza. Neno likiwa geni, inakujibu kwamba hakuna amri ya jina hilo, na mara nyingi inakutajia majina yanayofanana nalo. Wengi wetu tunaoishi kwa kuandika programu tumepita mbele ya bawabu huyu mara elfu kadhaa bila kumsalimu.

Leo nataka kumsalimu, kwa sababu ana historia. Mwaka 2005 alikuwa anaongea lugha moja, na kabla mwaka huo haujaisha akavuliwa lugha hiyo na kuvikwa nyingine. Lilikuwa badiliko dogo, la mistari isiyofika elfu moja. Lakini nyuma yake ilifuata kazi iliyochukua zaidi ya miaka 15, na swali ambalo bado linanisumbua: chombo kinapokuwa chepesi zaidi mkononi, je, kinabaki chetu kwa kiasi kilekile?

Kwa ambaye hajawahi kuitumia, Git ni daftari la kumbukumbu za kazi. Watu wanaoandika programu, kitabu au sheria kwa pamoja huitumia kujua nani alibadilisha nini, lini na kwa sababu gani, na kurudi nyuma wakitaka. Kitaalamu huitwa mfumo wa udhibiti wa matoleo. Uzuri wake kwa mwanahistoria ni kwamba daftari hili limejiandika lenyewe: historia ya Git imehifadhiwa ndani ya Git, kila badiliko likiwa na tarehe, jina na maelezo ya aliyelifanya. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuinakili yote na kuisoma tangu siku ya kwanza. Sijui fundi wa jahazi, mhunzi au mwashi aliyetuachia kumbukumbu ya kila pigo la nyundo. Wajenzi wa Git walituachia.

* * *

Siku ya kwanza ni tarehe 7 Aprili 2005, na ilitokana na mlango uliofungwa.

Tangu mwaka 2002 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa akitunza kazi ya kiini cha mfumo huo, yaani kerneli, kwa kutumia programu iitwayo BitKeeper. Ilikuwa mali ya kampuni ya BitMover, iliyoongozwa na Larry McVoy. Waandishi wa programu huria waliruhusiwa kuitumia bila malipo, ila kwa masharti, na sharti mojawapo lilikuwa wasijihusishe na kutengeneza chombo kinachoshindana nayo. Wengine walinung'unika kwamba programu huria kubwa kuliko zote duniani imewekwa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja. Torvalds hakujali sana. Sanduku lilikuwa zuri, na kazi ilikuwa inakwenda.

Kisha Andrew Tridgell, mtaalamu wa Australia aliyekuwa tayari na jina kwa ajili ya programu ya Samba, akaandika chombo kidogo cha kuvuta data kutoka kwenye seva za BitKeeper. Kampuni ikaona amechungulia siri zake, na mwezi Aprili 2005 ikatangaza kuondoa toleo la bure. Baadaye mwezi huohuo, kwenye mkutano mjini Canberra, Tridgell alionyesha mbele ya hadhira jinsi alivyoanza. Aliunganisha terminali yake moja kwa moja na seva, akaandika neno help. Seva ikamjibu kwa orodha ya amri inazozielewa.

Napenda kisa hiki kwa sababu kinahusu bawabu mwingine. Alisimama mlangoni, akaulizwa unafanya nini hapa, akajibu kwa ukweli. Jibu lake hilo liliingia kwenye ugomvi uliowafanya maelfu ya watu wakose chombo cha kazi ndani ya wiki chache.

Torvalds hakungoja. Aliacha kazi ya kerneli kwa muda, akaandika chake. Ingizo la kwanza kwenye historia ya Git lina mistari karibu elfu moja tu ya lugha ya C, na programu saba ndogondogo, kila moja ikijua jambo moja: moja inaanzisha hifadhi, nyingine inaandika mti wa mafaili, nyingine inafunga kumbukumbu, nyingine inafungua faili lililohifadhiwa na kukuonyesha. Ndani ya siku tisa kerneli yenyewe ilikuwa imehamia humo. Tarehe 17 Juni toleo la 2.6.12 la Linux likatoka likiwa limetunzwa na Git. Mwishoni mwa Julai Torvalds akamkabidhi Junio Hamano uangalizi wa mradi, naye yuko nao mpaka leo.

* * *

Programu zile saba zilikuwa mabomba ya chini ya sakafu. Ndivyo watu wa Git wenyewe wanavyoziita, mabomba, na vitu vya juu ambavyo mkono wa mtu unavigusa wanaviita kauri, kama sinki la bafuni. Kauri ya mwanzo iliandikwa haraka, kwa skripti za sheli. Simaanishi sheli ya kujazia mafuta. Sheli ya kompyuta ni ile programu inayosoma unachoandika kwenye terminali na kukitekeleza mstari kwa mstari, na skripti ni faili lililojaa mistari ya namna hiyo.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu kinatenganisha watu wawili ambao wengine huwachanganya. Kuna mkalimani na kuna mfasiri. Mkalimani anasimama kati ya wazungumzaji wawili. Kila sentensi ikitamkwa anaigeuza palepale, na kesho hotuba ileile ikirudiwa, ataigeuza upya. Mfasiri anakaa chini na maandishi yote, anayamaliza, na kitabu kikishachapwa kinasomwa bila yeye kuwepo. Sheli ni mkalimani. Python, ambayo tutaifikia, nayo ni ya ukoo huo. C ni lugha ya mfasiri: unaandika, programu iitwayo kompaila inageuza maandishi yote kuwa lugha ya mashine, na baada ya hapo mashine inasoma yenyewe.

Mkalimani ana faida kubwa. Ukitaka kubadilisha kitu unabadilisha mstari mmoja, na mara inayofuata utasemwa kama ulivyouandika. Ndiyo maana kauri ya Git iliota haraka mwaka ule. Amri ya kufunga kumbukumbu ilikuwa skripti, ya kuvuta kazi za wenzako ilikuwa skripti, na majina yao mwanzoni yalitaja hivyo waziwazi: git-commit-script, git-pull-script. Septemba 2005 mkia huo wa script ulikatwa, ili mtumiaji asilazimike kujua kitu kimeandikwa kwa lugha gani.

Mlangoni mwa hizo zote palikuwa na skripti nyingine, fupi kuliko karibu zote, jina lake git tu. Nimeisoma mara nyingi. Inachukua neno la kwanza baada ya jina lake, inaangalia kama kuna faili linaloitwa git- likifuatiwa na neno hilo, na kama lipo inaliachia nafasi yake pamoja na maneno yote yaliyobaki. Lisipokuwepo, inakueleza namna ya kuitumia. Basi. Hata mtu aliyeanza kujifunza sheli mwezi uliopita anaweza kuifuata kwa kidole mpaka mwisho.

Novemba 2005, mwezi mmoja na kidogo kabla ya toleo la 1.0, skripti hiyo iliondolewa na mahali pake ikawekwa programu ya C. Mwandishi wa kiraka hicho alikuwa Andreas Ericsson. Sababu alizoeleza ni za kawaida kabisa, na ndiyo maana naziamini. Ya kwanza: amri za Git zilikuwa zimeongezeka mno, zikajazana kwenye folda moja na amri nyingine zote za kompyuta, bawabu mpya angejua kuzitafuta kwenye folda yao wenyewe, na ungeweza kumuuliza folda hiyo iko wapi. Ya pili: angeorodhesha amri zilizopo kwa mpangilio mzuri. Ya tatu: angeokoa muda kidogo pale amri zinapoitwa mfululizo.

Muda kidogo. Sababu hiyo ya tatu ndiyo iliyokuja kuitawala historia iliyofuata.

* * *

Kumwita mkalimani kuna gharama hata kama sentensi ni moja. Lazima aamke, avae, aje, akae, ndipo aanze kusikiliza. Kwenye kompyuta ya Linux kuamka huko ni haraka sana, na ukiita amri moja hutajua. Lakini skripti ya sheli haifanyi kazi nyingi kwa mikono yake. Kila hatua inaita programu nyingine: moja ihesabu, nyingine ichuje, nyingine ikate maneno. Skripti inayopitia viraka mia moja inaweza kuamsha programu maelfu, kila moja kwa kazi ya sekunde isiyotimia.

Kwenye Windows hali ilikuwa mbaya zaidi. Mifumo ya ukoo wa Unix ina njia nyepesi ya mchakato mmoja kujigawa kuwa miwili. Windows haina njia hiyo, kwa hiyo Git ya Windows ilibidi ibebe sheli yake nzima pamoja na tabaka la kuigiza tabia za Unix, na kila kuigiza kulikuwa na bei. Kazi iliyomalizika kabla hujapepesa macho kwenye Linux iliweza kumfanya mtu wa Windows aende kuchemsha chai.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo halipimwi kwa saa. Sheli huona nafasi kati ya maneno kama mpaka. Faili liitwalo Barua ya Mama linaweza kuwa mafaili matatu machoni pake kama mwandishi wa skripti alisahau alama moja ya kunukuu. Ndani ya C jina la faili ni kitu kimoja, liwe na nafasi au lisiwe nazo.

Kwa hiyo, baada ya bawabu, wenyeji wa ndani nao walianza kufuata. Kuanzia mwaka 2006 amri moja baada ya nyingine ilihamishiwa ndani ya programu ileile ya mlangoni. Ukifungua faili la git.c leo utakuta jedwali refu: upande mmoja jina la amri, upande mwingine jina la kazi inayotekelezwa. Bawabu hatumi tena mtu nje. Ananyoosha mkono tu. Amri ya commit, ambayo pengine ndiyo moyo wa matumizi ya kila siku, iliacha kuwa skripti katika toleo la 1.5.4, Februari 2008.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, ulitokea ugomvi wa kwanza wa nyumba. Toleo la 1.6.0 liliondoa amri zaidi ya 100 zenye kistari, kama git-commit na git-log, kutoka kwenye folda ya kawaida ya amri na kuzificha kwenye folda ya Git yenyewe. Sasa ilibidi upitie kwa bawabu: git, nafasi, commit. Mpango ulikuwa umetangazwa mapema. Hata hivyo watu waliokuwa na skripti zao za miaka mitatu waliamka na kukuta kazi imesimama, wakalalamika kwa sauti. Nafasi moja mahali pa kistari! Lakini nawaelewa. Walikuwa wamezoea kuingia kila chumba kwa mlango wake, na sasa nyumba nzima ilikuwa na lango moja.

* * *

Kama historia hii ingekuwa ya Git peke yake, ungeweza kusema ni bahati ya mradi mmoja. Ila Git ilizaliwa na pacha.

Tarehe 19 Aprili 2005, siku 12 baada ya ingizo la kwanza la Git, Matt Mackall alitangaza mfumo wake, ulioanzishwa kwa sababu ileile ya kufungwa kwa BitKeeper. Aliuita Mercurial. Amri yake ni herufi mbili, hg, alama ya zebaki katika kemia. Wakati Git ilichanganya C na sheli, Mercurial iliandikwa karibu yote kwa Python, huku sehemu chache zinazohitaji mbio zikiachiwa C. Faili la hg lenyewe lilikuwa skripti fupi ya Python ambayo kazi yake ilikuwa kuwasha taa na kumwita mwenye nyumba.

Uamuzi huo ulikuwa na heri nyingi. Mercurial ilikuwa rahisi kusoma na rahisi kuongezea. Mtu aliweza kuandika nyongeza ya Python jioni moja na ikabadilisha tabia ya chombo chote. Kampuni kubwa ziliipenda kwa sababu hiyo. Facebook ilieleza Januari 2014 kwamba iliichagua ikaiboresha kwa ajili ya hifadhi yake kubwa mno, na Mozilla ilikuwa ikiitumia tangu 2007.

Lakini mkalimani wa Python huamka polepole kuliko wa sheli. Kila unapoandika hg, Python lazima iwashwe, itafute moduli, isome mipangilio, ipakie nyongeza, ndipo ijue umeuliza nini. Hapo imeshapita karibu sehemu ya kumi ya sekunde, wakati mwingine zaidi, na kazi yenyewe haijaanza. Binadamu anayeandika amri moja atavumilia. Mashine ya majaribio inayoita hg maelfu ya mara kwa usiku mmoja haivumilii, wala programu ya kuhariri inayouliza hali ya mafaili kila unapogusa herufi.

Walioitunza Mercurial walipigana na sehemu hiyo ya kumi kwa miaka, na mbinu zao zinafurahisha kuzisoma. Kwanza walifundisha Python uvivu: moduli isipakiwe mpaka itakapohitajika kweli. Kisha ikaja chg, bawabu mdogo wa C. Huyu anamwacha mkalimani akiwa macho nyuma ya pazia. Ukiita amri anampelekea maneno yako, naye anajigawa nakula, tayari akiwa na kila kitu kichwani. Mwishoni mwa 2017 ukaandikwa mpango wa kuingiza lugha ya Rust, na kiraka cha mwanzo kabisa katika safari hiyo kilikuwa nini? Kuandika upya hg, programu ya mlangoni, kwa Rust, huku Python ikiendelea kuishi ndani yake. Mpango wenyewe uliitwa kuoza kwa kutu, kwa sababu rust kwa Kiingereza ni kutu. Lugha ya watani, kama kawaida ya watu wa kazi hii.

Baadaye likaja umbo lililokomaa zaidi, rhg. Napenda unyenyekevu wake. Ni bawabu wa Rust anayejua amri chache tu. Ukimuuliza anachokijua, anakujibu mwenyewe papo hapo bila kuiamsha Python. Ukimuuliza asichokijua, hajifanyi kujua: anapisha, na kukupeleka kwa mkalimani wa zamani aliyekuwepo siku zote. Mtumiaji haoni mabadilishano hayo. Ndivyo chombo kinavyoweza kubadilishwa lugha huku watu wakiendelea kukitumia, kama daraja linalokarabatiwa upande mmoja huku magari yakipita upande wa pili.

Zebaki haikushinda, hata hivyo. Novemba 2022 Facebook, sasa Meta, ilitoa hadharani chombo chake, Sapling, kilichoanza kama nyongeza za Mercurial na kuishia kuwa kitu kingine chenye Rust nyingi ndani. Novemba 2023 Mozilla ilitangaza kuhamia Git. Sitasema kwamba Python ndiyo iliyoiangusha Mercurial. Watu huchagua chombo ambacho wenzao wanakijua, na kufikia hapo Git ilikuwa imeenea kila kona. Ila nikisoma jitihada zile za kuokoa sehemu ya kumi ya sekunde, naona wazi kwamba waliokuwa ndani walijua wanakimbia wakiwa na jiwe mfukoni.

* * *

Narudi kwenye swali langu. Je, tumepoteza nini?

Skripti ya sheli iko wazi mahali inapofanyia kazi. Zamani, ukishangazwa na tabia ya amri fulani ya Git, ungeweza kulifungua faili lilelile ulilolitekeleza, ukasoma, ukaona. Ungeweza hata kubadilisha nakala yako, ukajaribu, ukaharibu, ukarudisha. Programu iliyopita kwa kompaila haifunguki hivyo. Chanzo chake kiko huria, naam, lakini kiko mahali pengine: lazima ukitafute, ukipakue, uwe na kompaila, ujue C. Umbali kati ya anayetumia na anayetengeneza umeongezeka kwa hatua tatu au nne. Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta ya kuazima na bando la kuhesabu, hatua hizo ni ndefu.

Nimesikia hoja hii ikitolewa kwa huzuni, kana kwamba kila skripti iliyofutwa ni dirisha lililozibwa. Huzuni hiyo ninayo kidogo na mimi. Lakini historia ya Git inanilazimisha niangalie upande wa pili, maana inataja majina ya waliofanya kazi ya kuziba madirisha hayo.

Wengi wao walikuwa wanafunzi. Skripti zilizobaki baada ya 2008 zilikuwa ngumu na hazikuwa na mvuto. Wataalamu wenye majina walikuwa na mambo mengine. Ndipo mradi ukazifanya kuwa kazi za kujifunzia, hasa kupitia Google Summer of Code, mpango unaowalipa vijana kufanya kazi kwenye programu huria kwa miezi michache. Amri za pull na am ziliandikwa upya kwa C na mwanafunzi mwaka 2015. Mwaka 2018 ikafika zamu ya rebase, amri ya kupanga upya historia, ambayo hata wazoefu huikaribia kwa heshima. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya mwanafunzi, ikatoka na toleo la 2.20 Desemba mwaka huo. Stash ilifuata katika toleo la 2.22 mwaka 2019.

Namna walivyofanya inafundisha. Hawakubomoa nyumba. Kwanza waliandika kipande cha C kinachopokea maneno ya mtumiaji na kuyapeleka kwa skripti ya zamani. Kisha wakahamisha kazi moja, wakaendesha majaribio yote, wakahamisha nyingine, mpaka skripti ikabaki ganda tupu. Na hata hapo hawakuitupa mara moja: rebase mpya ilipotoka, palikuwa na mpangilio wa kumrudisha mtumiaji kwenye skripti ya zamani endapo mpya ingemuangusha. Mlango huo wa nyuma ulifungwa baadaye, kimya kimya, ilipothibitika kwamba hauhitajiki.

Kwa hiyo skripti zile hazikuzibwa tu. Zilikuwa pia ngazi ambayo vijana waliipanda kuingia ndani, kila mmoja akijifunza C, uvumilivu, na namna ya kumjibu mtu anayekosoa kazi yako kwa mara ya nane. Ngazi hiyo sasa inaisha, kwa kuwa skripti karibu zote zimekwisha hamishwa. Mwaka 2025 Git yenyewe imeanza kupokea vipande vya Rust, na pengine ngazi nyingine itajengwa hapo. Nani ataipanda ni jambo linalotuhusu. Git inanijibu kwa Kiingereza kila siku ya maisha yangu ya kazi, na naijua kama chumba cha nyumbani, lakini watu wa huku tunaotumia chombo hiki ni wengi kuliko tunaokitengeneza. Historia yake inaonyesha kwamba hakikuwahi kungoja mabingwa. Kilingoja mtu wa kuchukua amri moja yenye kuchosha na kuimaliza.

Na bawabu? Yupo palepale. Amevaa C kwa miaka 20, jedwali lake limejaa, na karibu kila amri anaitekeleza mwenyewe. Lakini tabia moja ya ujana wake hajaiacha. Andika skripti ya sheli yenye mistari miwili, iite git-salamu, iruhusu itekelezwe, na iweke kwenye folda ambayo terminali yako inaijua. Kisha andika git salamu. Atatafuta kwenye jedwali lake na kukosa. Hatakufukuza. Atatoka nje kuangalia, kama alivyokuwa akifanya mwaka 2005, atalikuta faili lako, na atalipa nafasi yake.